Mume Wangu Siku Hizi Anataka Zabibu Zikatwe Vipande

Kwako Dada Gudveig wa ukurasa wa mashauri,

Salamu nyingi sana zikufikie hapo ulipo, natumaini hujambo na lile goti ulilolilalamikia gazetini wakati wa Krismasi limepoa. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mama mkwe wangu Borghild anakusalimu, yeye anakaa chumba cha chini na anakusoma kila Ijumaa na kalamu mkononi, pale asipokubaliana nawe anapiga mstari. Mwanangu mkubwa Eivind anakusalimu kutoka Bergen anakojifunza useremala. Ingunn wa pili anakusalimu, japo hajui kama nakuandikia. Kitinda mimba wetu Tuva anakusalimu sana, huyu ndiye anayepata kipaimara Jumapili ya pili ya Mei, Mungu akipenda. Hata mbwa wetu Lurven anakusalimu, yuko hapa amelalia miguu yangu. Mume wangu Torleif sijui kama anakusalimu. Huyo ndiye ninayekuandikia habari zake, na majina yote haya nakuomba uyabadilishe maana kijiji chetu ni kidogo na duka ni moja.

Naomba msaada, dada. Shule mimi niliiacha mapema nikaingia kiwandani kufungasha samaki, kwa hiyo naandika kama ninavyosema, wewe utanyoosha palipopinda.

Torleif ana miaka hamsini na miwili. Ni mchomeleaji vyuma, si mtu wa maneno, ukimuuliza kama chakula ni kitamu anasema kimeliwa. Miaka mingi alikuwa kwenye mitambo ya mafuta huko baharini, wiki nyingi haonekani, anarudi, analala, anaondoka tena, watoto nimewalea mimi na Borghild, na Tuva alipokuwa mdogo hata hakumjua babake, alikuwa akimwona mlangoni anajificha nyuma ya sketi yangu anasema "mtu wa mkoba amekuja", maana kila akija alikuwa na ule mkoba wa baharini begani, sisi tukacheka mpaka leo tunacheka. Baadaye alipata kazi nchi kavu kwenye karakana ya meli, nikasema ahsante Mungu, sasa nina mume. Kumbe.

Ilianza na mkate. Mimi humfungia chakula chake cha kazini kila asubuhi tangu tuoane, vipande vya mkate na jibini ya kahawia, karatasi kati ya kipande na kipande, na juu yake kifuko cha njugu maana njugu anazipenda kuliko mimi. Mwezi wa kwanza mwaka huu akaniambia, "Mama, Jumanne na Alhamisi usiniwekee njugu." Nikamuuliza meno yanauma? Akasema hapana, usiweke tu. Wiki ya pili akasema, "Niwekee zabibu." Nikaweka. Akarudi nazo. "Mbona hukula?" Akasema, "Ukate katikati, kwa urefu." Dada Gudveig, mwanaume ana mikono kama makasia, tangu lini anakatiwa zabibu? Nikazikata, nikawa najiuliza nazikata kwa ajili ya mdomo wa nani.

Basi macho yakafunguka, nikaanza kuangalia. Nikakuta mchanga kwenye mashine ya kufulia, mchanga mwingi, karakana hakuna mchanga. Nikakuta kwenye mfuko wa koti lake vile vifuniko vya viatu vya plastiki vya bluu wanavyovaa watu hospitalini, nikakaa juu ya ngazi nikasema kuna mtu amejifungua. Kisha kwenye sweta lake, lile nililomfumia mwenyewe, kibanio cha nywele cha waridi, kidogo, cha mtoto. Tuva hajavaa kibanio cha namna ile tangu aanze kujipaka rangi kucha. Kisha plasta yenye picha ya dubu kwenye kidole chake, nikasema umeumia? Akasema si sana. Nani kakufunga? Akaangalia kidole kama ndio kwanza anakiona, akasema, "Mtu tu." Na kubwa kuliko yote, stika ya stroberi, ndogo nyekundu, imebandikwa mgongoni mwa koti lake, katikati kabisa, mahali mkono wake mwenyewe haufiki. Nani anabebwa mgongoni na mume wangu?

Nikapiga simu karakana, nikajifanya nauliza kama kaacha funguo za gari. Mwanamke wa ofisini akanijibu kwa upole, "Torleif? Jumanne na Alhamisi huwa hayupo, mama, tangu mwaka mpya." Huwa! Yaani wote wanajua ni kawaida. Jioni akarudi nikamuuliza kazi ilikuwaje leo. Akasema, "Ya kelele." Nikamuuliza umechoka? "Mgongo." Akala, akalala kwenye kochi saa moja jioni, huku anatabasamu usingizini. Nilisimama pale na mwiko wangu nikimtazama anavyotabasamu.

Halafu nikakumbuka kwamba siku za Krismasi nilimsikia bandani anaongea kwenye simu, nami nilikuwa natoa takataka tu, sikusimama kusikiliza, nilisimama kwa sababu mfuko ulichanika. Akawa anasema, "Polisi wamejibu, sina doa. Ndiyo. Nashukuru sana, niliogopa umri utakuwa kikwazo." Dada, polisi wanaingiaje? Ana kesi gani? Na umri kikwazo kwa nini, kama si kwamba huyo mwanamke ni kijana?

Sasa jirani yangu Gunnvor, ambaye huvuka na feri kwenda kwa daktari wa miguu mjini ng'ambo, alikuja kunywa kahawa akakaa pembeni ya kiti kama mtu asiyetaka kukaa. Nikamwambia, "Gunnvor, sema, kahawa inapoa." Akasema, "Sijui kama ni jambo la kusema." Nikamwambia basi ungebaki kwako. Akasema, "Nimemwona Torleif Alhamisi, mimi nikiwa ndani ya basi. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mvua inanyesha, anakisukuma kigari cha watoto kwa mguu, mbele nyuma, mbele nyuma. Kigari kipana." Nikamuuliza kipana vipi. "Kama cha mapacha. Au zaidi. Na kavaa kizibao cha njano kinachong'aa." Kisha akaniambia, "Pole, mwenzangu," akachukua biskuti ya pili.

Mapacha, Dada Gudveig!

Na tabia imebadilika, ndiyo inayonimaliza kabisa. Amekuwa mpole. Mtu asipokuwa na hatia anakuwa mpole kwa nini? Akimaliza kula anabeba sahani yake mwenyewe, na anamwambia Tuva, "Kila mtu na sahani yake." Anaimba bandani nyimbo za kuhesabu vidole. Juzi nilipofunga kabati kwa kishindo alikuja, akachuchumaa mbele ya kiti changu, mwanaume mzima na magoti yake yanalia, akaniangalia machoni akasema taratibu, "Naona umekasirika. Ni sawa kukasirika. Ukitaka kuniambia, nipo." Nilitetemeka. Miaka ishirini na saba hajawahi kusema maneno namna hiyo, kafundishwa na nani? Mtu hachumi maneno kama hayo kwenye chuma.

Nikashuka kwa Borghild nikamwambia mama, mwanao ana jambo. Akaendelea kufuma, akasema, "Mwache, mwanangu, amechelewa tu." Nikasema amechelewa wapi? Akasema, "Hesabu yangu imepotea, umenisemesha," akaanza tena safu. Kwa hiyo na yeye anajua. Mkwe wangu, ambaye nakunywa naye kahawa kila siku, anajua ana wajukuu wengine ng'ambo na ananificha.

Na sikuwa mwanamke mbaya kwake. Nyumba yangu ina kicheko. Pasaka dada yangu Oddrun alikuja na mumewe, tukala kondoo, tukacheka sana habari za Arvid, yule aliyekuwa nahodha wa feri, sijui kama ulisikia, ameacha usukani akaenda kuwa mlezi wa watoto wadogo kwenye chekechea, mwanaume mzima anafuta kamasi. Nilisema mimi, "Mke wake anamlisha uji na yeye?" Tulicheka mpaka Oddrun akatokwa na machozi. Torleif peke yake hakucheka, aliinuka akaenda kuangalia kuni, na kuni zilikuwepo za kutosha. Nikajua moyo wake hauko tena nyumbani.

Sasa sikia linalonikosesha usingizi. Kwenye kipaimara cha Eivind na cha Ingunn, hotuba ya Torleif ilikuwa "Karibuni, kuleni." Safari hii kamfuata shemeji yangu, ndiye msimamizi wa meza, kamwambia amwekee nafasi, ana mambo ya kusema na yatachukua muda. Shemeji kaniuliza mimi, "Torleif ana nini, anagombea udiwani?" Dada, anataka kututangazia. Mbele ya ukumbi mzima, mbele ya wazazi wangu, mbele ya Tuva na nguo yake mpya ya bunad, vazi letu la jadi, ambayo bibi yake alimdarizia.

Nimejiandaa. Ule mkoba wa baharini nimeshautoa darini, nimemfungashia soksi, chupi, na sweta, uko chini ya ngazi. Na kibanio, na plasta ya dubu, na stika, nimeviweka kwenye kikopo cha dawa za kikohozi. Akisimama tu kuhutubia, na mimi nasimama, navimimina juu ya sahani yake, watu wajionee wenyewe, halafu aseme. Lakini usiku nikimwangalia Tuva amelala naona huruma. Na nikimwangalia yeye pia naona huruma, sijui kwa nini, labda mimi ni mjinga.

Niambie nifanye nini. Nijibu haraka, Dada Gudveig, nakuomba, katika gazeti la Ijumaa hii na si la inayofuata, kwa kuwa inayofuata keki zitakuwa zimeshaokwa.

Ni mimi,
Mama wa Upande wa Kivuli

*

Dada Gudveig anajibu

Dada yangu wa Upande wa Kivuli,

Goti bado linauma, asante. Hakuna mwingine aliyeuliza. Majina nimeyabadilisha yote, hata la mbwa, na mwambie bibi wa chumba cha chini aweke kalamu chini safari hii.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikakuonea huruma. Nikaisoma mara ya pili nikataka kukuvuta sikio.

Chukua kile kikopo cha dawa za kikohozi, ukifungue, uangalie kilichomo kana kwamba ni cha jirani. Mwanaume mwenye mwanamke wa siri anarudi na harufu ya manukato. Wako anarudi na mchanga. Mwanaume anayetembea na mtoto wa siri anajificha, anainamisha kofia. Wako anavaa kizibao cha njano kinachong'aa ili aonekane hata na Gunnvor aliye ndani ya basi! Nitajie chumba kimoja katika nchi hii ambacho njugu haziruhusiwi mlangoni, zabibu lazima zikatwe kwa urefu zisimkabe mtu, viatu vinavalishwa plastiki ya bluu, kigari kina viti vinne, watoto wanalala nje mvua ikinyesha, na hakuna anayeruhusiwa kuingia kufanya kazi mpaka polisi waandike kwamba hana doa. Usikimbilie hospitali. Chumba hicho umekitaja mwenyewe, dada, ukiwa unakula kondoo.

Siapi. Mimi nakaa ofisini na goti langu, sikumwona. Lakini ningekuwa mtu wa kuweka dau, ningeweka hili gazeti lote.

Sasa nikuulize wewe uliyesikiliza simu kwa sababu ya mfuko uliochanika: mume wako angekuambiaje? Angekaa mezani aseme, "Jumanne na Alhamisi nafuta kamasi," huku wewe na Oddrun mnafuta machozi ya kicheko? Alikwenda kuangalia kuni. Ulimwona akienda. Uliona kuni zilikuwa za kutosha. Uliona kila kitu, dada yangu, macho yako ni mazuri kuliko ya askari wa forodha, ila yanatazama upande mmoja tu, ule unaouma.

Na mkwe wako amekupa jibu, ukamwona msaliti. "Amechelewa tu." Amechelewa nini? Mtoto wako alijificha nyuma ya sketi akamwita baba yake mtu wa mkoba. Nyinyi mlicheka mpaka leo mnacheka. Ulishawahi kumtazama yeye wakati mnacheka? Mtu anachomelea chuma katikati ya bahari ili watoto wale, anarudi anakuta watoto wamekula, wamekua, na hawamjui. Hili haliishi mtu anapopata kazi nchi kavu. Linakaa kifuani kama mfupa wa samaki. Wanaume wengine wakifika hamsini wananunua pikipiki. Wako kaenda kubeba watoto wa watu mgongoni, wambandike stika, na anarudi nyumbani mgongo umekufa, anatabasamu usingizini. Na alichojifunza huko kakuletea wewe kwanza. Alichuchumaa na magoti yanalia akakuambia ni sawa kukasirika. Wapo wanawake wanaoniandikia kila wiki wakitafuta mume wa kuwaambia maneno hayo, nawe ulitetemeka kama umeona mzimu.

Halafu ukapanda darini. Ukamfungashia mkoba. Ule ule.

Hapo nimesema basi. Nina neno na yeye pia, maana najua utamsomea. Torleif, jambo jema lililofichwa ni siri kama siri nyingine, na mwenye kufichwa hajui kama kilicho gizani ni ua au nyoka. Umemwacha mke wako miezi minne anakusanya mchanga kwenye mashine na kujihesabia mapacha. Kicheko cha mezani kinauma, nakubali, lakini wewe ni mtu mzima, ungesema, "Msicheke, na mimi nataka." Na hotuba ya kipaimara ni ya mtoto. Kama ulipanga kumwambia Tuva mbele ya watu kwamba hukuwepo alipoanza kutembea, mwambie, lakini mwambie jikoni kwanza, wawili tu, na mama yake awe ameshajua. Mtoto wa miaka kumi na minne akilizwa mbele ya binamu zake hasamehi mpaka aolewe.

Nawe, dada, fanya hivi. Mkoba ufungue leo, soksi zirudi mahali pake, na mkoba wenyewe usirudi darini, mpe mbwa alalie. Kile kikopo kifunge, usikitupe. Siku moja mtakifungua pamoja na mtacheka kicheko kingine. Gunnvor akija tena, mpe kahawa bila biskuti. Mkwe wako mwombe akufundishe anavyonyamaza. Oddrun akianza habari za Arvid, mwambie wewe mwenyewe kwamba feri ina manahodha wengi, asiwe na wasiwasi.

Usimfuate kwa siri, usipande basi, usipige tena simu karakana. Jumanne asubuhi mfungie mkate wake, bila njugu, zabibu uzichukue nzima pamoja na kisu, halafu vaa koti, ingia kwenye gari kabla yake, ukae. Atashangaa. Mwache ashangae. Mkifika juu ya feri, injini ikishaanza kunguruma na hakuna wa kuwasikia, muulize swali moja tu, kwa sauti yako ya kawaida: "Torleif, una watoto wangapi huko ng'ambo?"

Akisema mmoja, au wawili, niletee habari siku hiyo hiyo, nami nitakuja kukusaidia kubeba mkoba, goti hili hili.

Akisema kumi na wanane, usicheke. Toa zabibu na kisu, mzikate pamoja hadi feri ifike.